Alichokalia Mama

Mama alinipa picha akaniuliza kwa nini imefutika. Niliipokea nikaenda nayo dirishani. Haikuwa imefutika. Ilikuwa vilevile nilivyoijua tangu utotoni: nyeusi na nyeupe iliyoanza kuwa ya kahawia, kona moja imeliwa na mende, na mkunjo mmoja umekatiza juu ya paa la nyumba.

"Mimi naona weupe tu," mama alisema. "Labda ni unyevu."

"Labda ni unyevu," nilijibu, nikamrudishia.

Aliiingiza kwenye mfuko wake wa plastiki, akaiweka chini ya mto kwa uangalifu uleule wa siku zote. Ndivyo nilivyojua kwamba macho yake yamefika mwisho. Daktari alikuwa ametuonya. Alisema ni presha ya macho, kwamba dawa ya matone inaweza kuchelewesha tu, na kwamba kilichokwisha kuondoka hakirudi. Mama alimsikiliza kwa adabu, akashukuru, na tulipokuwa tunarudi nyumbani Mjimwema akasema yule daktari bado kijana, atajifunza.

Picha yenyewe ilipigwa Maposeni, mbele ya nyumba ambayo baba aliijenga kwa mikono yake. Baba alikuwa fundi mwashi na pia mgambo, na vita vya Kagera vilipoanza mgambo wakaitwa. Mpiga picha mmoja wa mjini alikuwa akizunguka vijijini kwa baiskeli siku zile, kwa sababu kila nyumba iliyokuwa inatoa mtu ilitaka kubaki na sura yake. Baba amesimama, amevaa gwanda. Mama, ambaye alikuwa msichana tu ukilinganisha na wanangu wa leo, amekaa kando yake, kanga imemfunika hadi kwenye vidole vya miguu. Bibi mzaa baba yuko mkekani. Dada yangu ameshika suruali ya baba karibu na goti. Na mimi nimo: kifurushi juu ya mapaja ya mama, uso haueleweki kwa kuwa nilijitikisa. Siku hiyohiyo baba alipanda lori. Hakurudi. Baadaye walikuja watu kutuambia kwamba amezikwa hukohuko alikoangukia, na hayo ndiyo yote tuliyowahi kuambiwa.

Kwa hiyo baba yangu namjua kwa picha hiyo peke yake. Sikuwahi kufikiri kwamba mama naye, baada ya miaka mingi kiasi hicho, alikuwa anamtunza kwa picha hiyohiyo.

Alinieleza mwenyewe, tukiwa uani tunapukuchua mahindi. Kazi hiyo alikuwa bado anaiweza kuliko sisi sote, maana haihitaji macho.

"Nimeanza kumpoteza," alisema.

"Nani, mama?"

"Baba yako. Sauti yake ilishaondoka siku nyingi, hiyo niliizoea. Lakini uso nilikuwa nao. Jioni nikishaiangalia ile picha, nikifumba macho namwona. Sasa nikifumba ni sawasawa na nikifumbua."

Akachukua hindi jingine. Punje zikawa zinadondoka kwenye beseni. Mimi ndiye niliyeshindwa kuendelea. Nilikuwa nimemwona mama akipoteza vitu vingi maishani, na siku zote aliniambia baada ya kuwa vimeshakwenda. Hii ilikuwa mara ya kwanza kuniambia wakati kitu bado kinaondoka.

Kazi yangu ni kuchonga mihuri. Nina meza kwenye baraza la duka mjini Songea, na watu wa shule, wa vikundi vya wakulima na wa maduka huniletea maandishi yao, nami nayachonga kinyumenyume kwenye mpira ili yakigongwa yasomeke. Shule niliishia darasa la saba. Hesabu za vipimo, uchoraji wa ramani na mengine yanayonisaidia nimeyasoma mwenyewe kwenye vitabu vilivyokwishatumika na wengine, polepole, nikirudia ukurasa mpaka niuelewe. Siku moja kabla ya mazungumzo yale ya mahindi, mama alikuja kukaa nami kibarazani. Akashika muhuri uliokuwa mezani, akaupitisha kidole, akasema, "Hii ina mviringo, na ndani yake kuna kama nyota." Ilikuwa kweli. Kidole chake kilisoma alama isiyozidi unene wa ganda la yai.

Hapo ndipo wazo lilipotoka. Nitaitengeneza ile picha upya, si ya kutazamwa, bali ya kushikwa. Nyumba, mkeka, watu watano. Kila kitu kiwe sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake, ili mfano mzima ukae juu ya ubao mmoja mezani kwa mama. Akitaka kumwona baba atamwona kwa vidole. Na nilitaka iwe kabla hajampoteza kabisa, kwa sababu akishampoteza hatakuwa na kitu cha kulinganisha na kazi yangu. Atapokea chochote nitakachompa na kunishukuru, kama alivyomshukuru daktari.

Nilianza na tofali. Nyumba ya Maposeni bado imesimama upande mmoja. Ndugu zetu waliitumia kuwekea mahindi na mbolea, na ukuta wa mbele, ule wa kwenye picha, haujaguswa. Nilikwenda na futi nikapima tofali, kisha unene wa udongo kati ya tofali na tofali. Tofali ni kitu kizuri kwa mtu anayetafuta ukweli, kwa kuwa yote yalitoka kwenye kalibu moja. Kwenye picha, nikitumia kioo cha kukuzia, nilihesabu mistari ya tofali kutoka miguuni mwa baba mpaka utosini. Nikapunguza kidogo, maana alisimama mbele ya ukuta, na kamera humkuza aliye karibu. Nikazidisha.

Nilirudia hesabu hiyo mara kadhaa nikiwa nimeegemea ukuta wenyewe. Jibu halikubadilika. Baba alikuwa mfupi. Mfupi kuliko mimi, kwa kiasi cha kiganja hivi. Maisha yangu yote nilikuwa nimemtazama kutoka chini, kama mtoto anavyomtazama baba yake, na sasa nilikuwa mtu mwenye mvi nimesimama mahali aliposimama, nikiuona ukuta kwa juu ya kichwa chake. Nilikunja futi nikakaa kwanza kwenye nyasi.

Udongo wa matofali madogo niliuchukua kwenye kichuguu, kama alivyofanya yeye. Nilitengeneza kalibu ya bati, nikayafyatua nikayakausha, nikayachoma kwenye jiko la mkaa ndani ya kopo. Mke wangu alivumilia mengi.

"Jiko limeshikwa na matofali, unga umegeuka gundi," alisema asubuhi moja. "Huyo baba mkwe wangu akimaliza kujengewa, na sisi tutakula?"

"Wiki hii namaliza ukuta."

"Wiki iliyopita ulisema hivyohivyo. Kweli wewe ni mtoto wa fundi."

Vichwa nilivichonga kwa mbao laini ya paini, miili ikawa ya waya uliozungushiwa vitambaa. Kwa kuwa mtazamaji wangu alikuwa vidole, sikupaka rangi. Badala yake nilitafuta mguso wa kila kitu: gwanda nikalishona kwa turubai, kanga kwa kitambaa chembamba cha pamba kilichochakaa, mkeka nikausuka kwa ukindu. Kwenye kanga ya mama, sehemu ya mapajani, picha ina doa jeusi lisilo na umbo. Nililichunguza kwa kioo cha kukuzia nikaamua kwamba ni kasoro ya dawa za mpiga picha. Sikulitia maanani.

Ugumu ulikuwa mahali nisipopatarajia. Picha ina upande mmoja tu. Kitu cha kushikwa kinazungukwa na vidole mpaka nyuma, na vidole havikubali kuambiwa kwamba hapa kamera haikufika. Mgongo wa baba ulikuwaje? Mlango uliomezwa na kivuli cha paa ulikuwa wazi au umefungwa? Na mama amekaa juu ya nini? Kanga yake inashuka kama pazia mpaka ardhini na hakuna kinachoonekana chini yake.

Mama sikutaka kumuuliza. Nilitaka aikute kazi imekamilika. Nikamngoja dada.

Dada yangu ameolewa Nakapanya, kwa Waislamu wenye mikorosho, na yeye mwenyewe alisilimu siku nyingi. Huja kumwona mama baada ya msimu, na mzigo wa korosho alizozibangua mwenyewe. Safari hiyo aliingia, akampa mama shikamoo, akamlilia macho yake kidogo, kisha akanifuata kwenye chumba nilichokuwa nafanyia kazi. Alisimama mlangoni.

"Subhanallah. Mwanamume mzima na mvi zako, umekaa unawavisha wanasesere nguo?"

"Huyo aliyelala hapo ni wewe, dada."

Alimchukua yule msichana wa waya, akamgeuzageuza. "Mbona umenipa kichwa kikubwa hivi?"

"Nimepima. Ndivyo kilivyokuwa."

"Pima tena," alisema, lakini hakumweka chini.

Yeye siku ya picha alikuwa na umri wa kukaribia kuanza shule. Nikamuuliza maswali yangu moja baada ya jingine. Mlango ulikuwa wazi, alikumbuka, maana kuku waliingia. Kuhusu mgongo wa baba hakukumbuka chochote. Nilipomuuliza mama alikaa juu ya nini, alijibu bila kufikiri: "Kigoda. Mama alikuwa anakaa kwenye kigoda siku zote, kile cha miguu mitatu." Jibu lilikuwa na mantiki. Nilichonga kigoda cha miguu mitatu, nikamketisha mama juu yake, nikashusha kanga. Baba nilimpigilia misumari miwili midogo ya viatu miguuni ili asianguke akishikwa.

Tulimpelekea mama ubao mchana, baada ya chakula. Mimi na dada tuliubeba pande mbili. Tukamweleza ni nini. Mama akaomba maji, akanawa mikono yote miwili kwa sabuni, akaifuta kwenye kanga.

Alianzia ukutani. Vidole vilipita juu ya matofali mstari kwa mstari, vikashuka, vikapanda tena.

"Huu ukuta umejengwa vizuri," alisema. "Baba yako alikuwa hivyo. Hakuacha udongo unaning'inia kwenye maungio." Akapata mlango. "Ulikuwa wazi, kweli." Akapata mkeka na bibi juu yake, akamgusa kichwani kwa ncha ya kidole na kuondoa mkono upesi, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Sikuelewa kwa nini. Kisha akampata dada.

"Kichwa hiki!" alisema akacheka. "Ndiye."

"Umeona?" nilimwambia dada.

Halafu akafika kwa baba. Aligusa viatu, akapanda na suruali, mkanda, vifungo vya gwanda kimoja kimoja. Akafika usoni. Nilikuwa nimetumia muda mwingi kwa uso huo kuliko kwa ukuta mzima. Nilichonga nyusi, nikachonga ule mkunjo mdogo alionao upande wa kushoto wa mdomo. Mama aliweka kidole cha shahada juu yake, na kidole kikaufunika uso wote. Akajaribu kwa ukucha. Akajaribu kwa kidole kidogo. Akabadilisha mkono.

"Hapa kuna nini?"

"Uso, mama."

"Mimi nasikia kama punje ya hindi."

Nilijua hapohapo kosa langu. Nilikuwa nimeshikilia kipimo. Sehemu moja ya kumi ya uso wa mtu ni kitu kidogo mno kwa kidole cha mama aliyelima maisha yake yote. Muhuri aliousoma kibarazani ulikuwa na alama moja tu, lakini uso una mambo mengi yaliyobanana. Nilipima kila kitu kwenye picha ile, na kidole cha mama sikukipima. Alirudia tena na tena, kwa subira, akinifariji huku akitafuta, "Ngoja, ngoja, nitampata," mpaka dada akatazama pembeni.

Hakumpata. Akauacha uso, mkono ukashuka na kuangukia sanamu yake mwenyewe. Alimgusa mtoto mapajani. Akaishika kanga. Akaingiza kidole chini yake, kama nilivyosema vidole hufanya, na hapo kidole kikasita.

"Hiki ni nini?"

"Kigoda."

"Nani amekwambia nilikaa kwenye kigoda?"

"Mimi, mama," dada alisema.

"Wewe ulikuwa na makamasi mpaka kidevuni, ulijua nini?" Hakucheka safari hii. Alikizungusha kigoda kati ya vidole, mguu wa kwanza, wa pili, wa tatu. "Nilikaa kwenye sanduku lake."

"Sanduku gani?"

"La zana. Mwiko, timazi, pimamaji, nyundo. Alisema hata vitani watu wanajenga, madaraja yanavunjwa, lazima atafutwe fundi. Alilipanga tangu alfajiri akalitoa nje. Mimi nikatoka, nikalikalia. Sikusema kitu. Nilijua hawezi kuondoka bila lile sanduku, na hawezi kuninyanyua kwa nguvu mbele ya mama yake. Bibi yenu akaniambia, 'Wee binti, mzigo wa msafiri haukaliwi.' Nikajifanya sisikii. Akarudia. Baba yenu akacheka, akasema, 'Mwache, mama, atachoka mwenyewe.' Mpiga picha akaja akatukuta hivyo, akasema hapohapo pazuri, msitikisike. Bibi yenu ndiye aliyenivuta kanga mpaka chini, ili picha isije ikaonyesha nilichokalia."

Nikaikumbuka ile kanga iliyoshuka kama pazia. Na nikakumbuka jambo jingine. Nilipokuwa kijana, kila nilipopanda basi kwenda kutafuta vifaa vya kazi, mama alinisindikiza stendi na kusimama mbele ya begi langu kama askari. Mara moja utingo alilikalia akivuta sigara. Mama, ambaye hakuwahi kumpandishia mtu sauti, alimsukuma kwa mikono miwili mpaka akaanguka. Watu walicheka. Mimi niliona aibu.

"Halafu ikawaje?" dada aliuliza.

"Halafu huyu akanikojolea, mpiga picha akiwa bado analenga."

Alininyooshea kidole, mahali hasa nilipokuwa nimekaa.

"Kanga yote, mpaka kwenye mbao. Wewe ukaanza kucheka," alimwambia dada, "na picha ilipokwisha kupigwa bibi yako akasema nenda kambadilishe mtoto, ataugua. Nikainuka. Niliingia ndani tu, nikachukua kanga nyingine. Nilipotoka, sanduku lilikuwa begani kwake. Akasema, 'Nimelibeba na mkojo wa mwanangu, huu ndio utanikinga na risasi.' Na yeye alikuwa anacheka. Lori likapiga honi kule barabarani."

Doa jeusi kwenye kanga. Kasoro ya dawa za mpiga picha.

"Msibani," mama aliendelea, "mbele ya watu wote, bibi yenu alisema safari ya mwanawe ilikaliwa. Alisema mara moja tu. Hakuhitaji kurudia. Kila mtu alinitazama, na mimi niliendelea kumkorogea uji mpaka alipokufa."

Dada alikuwa analia bila sauti. Mimi nilifanya ninachofanya siku zote, nikajaribu kusahihisha.

"Mama, sanduku halina uhusiano wowote na risasi."

"Najua. Mimi si mjinga. Unadhani nimekaa miaka yote hii nikiamini nilimuua mtu kwa makalio? Hayo nilishayamaliza." Alikiweka kigoda kando, pembeni kabisa ya ubao. "Kinachonisumbua ni kwamba niliinuka."

Hakuna kitabu nilichosoma chenye jibu la hilo.

Kabla dada hajarudi Nakapanya nilimwomba mama ruhusa nichonge uso peke yake, mkubwa, wa kujaa viganja viwili. Nilikuwa na picha, nilikuwa na vipimo, ningeweza.

"Kichwa bila mtu?" alisema. "Hapana. Na isitoshe utachonga uso wako. Ndio unaoujua."

"Wanasema tunafanana."

"Sogea."

Nilisogea. Alinishika mashavu, paji la uso, pua. Alikaa nao muda, na nakiri nilitumaini. Kisha akashusha mikono.

"Wewe umezeeka, baba," alisema kwa upole. "Yeye hakufika huko."

Kitu alichokitaka kilikuwa sanduku. Alinieleza vipimo kwa mikono: refu hivi, kina hivi, kishikio cha kamba. Nililitengeneza kwa mbao ya mninga, na kwa kuwa nilijua vidole vitafungua kifuniko, nikachonga mwiko mdogo, timazi na pimamaji, nikavipanga ndani. Nilipompelekea alivitoa kimoja kimoja, akavitaja, akavirudisha kwa mpangilio tofauti na wangu. Akafunga.

"Nikubandike juu yake kwa gundi?" niliuliza. Nilidhani ndilo jambo analolitaka, kwamba kwenye ubao angalau mama asiinuke.

"Usinibandike. Na huyu mbona umempigilia misumari?"

"Asianguke."

"Mng'oe."

Nilimng'oa baba. Miguuni yakabaki matundu mawili, nikayaziba kwa nta ya mshumaa.

Tangu hapo ubao ulikaa kwenye meza karibu na kitanda chake. Asubuhi, nikimpelekea chai, niliwakuta watu wamehama. Mara nyingi mama wa ubaoni alikuwa amekaa juu ya sanduku, baba amesogezwa karibu mno kuliko kwenye picha, kichwa cha mama kikigusa gwanda lake. Siku nyingine huyo mama alikuwa hayupo, namkuta ndani ya mlango amelala chali. Sikuwapanga upya na sikuuliza. Kwa mtu wa vipimo halikuwa jambo jepesi.

Masika haya mama ameanza kuchoka. Hatoki tena uani, na chakula anakirudisha nusu. Asubuhi moja mvua ilikuwa inanyesha, niliingia na kikombe nikaona ubao umepangwa kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Mtoto alikuwa mkekani, kwa bibi. Dada alikuwa peke yake ukutani. Sanamu ya mama niliiunda ikiwa imekaa, magoti yamekunjwa kwa waya, haiwezi kusimama. Alikuwa ameiegemeza kwenye mlango, imeinama kidogo mbele, kama mtu anayechungulia nje. Na mbali na wote, ukingoni kabisa mwa ubao, upande ambao kwenye picha hauonekani lakini Maposeni ndiko iliko barabara, alisimama baba, ameipa nyumba mgongo. Sanduku lilikuwa mbele ya miguu yake.

Mama alikuwa macho.

"Usiwaguse," alisema.

"Siwagusi."

"Uso wake sijaupata mpaka leo." Alipapasa meza akapata kikombe. "Lakini mgongo nimeukumbuka. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka. Sanduku zito."

Nilisubiri anywe chai, nikamuuliza kama niitengeneze sanamu upya, bega liwe hivyo. Alisema nisijisumbue.

Siku ya pili yake nilifanya hivyo hata hivyo. Nilimchukua baba kwa kisingizio cha kumpangusa vumbi, nikaukunja waya wa bega la kushoto kidogo sana, nikamrudisha mahali alipokuwa, uso nje, ukingoni. Jioni mama alimgusa mgongoni. Kidole kikashuka na bega, kikakaa hapo. Hakumwondoa. Hajawahamisha tena tangu siku hiyo. Nikipangusa ubao napitisha brashi pembeni mwao.